Paka wa Amana

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wewe uliyefungua daftari hili, funga. Huwezi? Basi nakusihi, haya yabaki kifuani mwako. Usimwambie mtu, hasa Bi Zabibu mwenye nyumba wangu. Hasa Bi Zabibu!

Mimi ni karani wa kituo cha wanyama wasio na wenyewe, hapa Kibiti mjini. Kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo. Vizimba ni vya paka ishirini. Leo paka ni zaidi ya hamsini. Niliacha kuhesabu mmoja aliponipanda begani.

Na kosa ni langu. Wiki iliyopita Mzee Mshamu wa visiwani alikuja na paka ndani ya kikapu. Anakwenda dago na familia yake, watakaa huko kambini mpaka samaki wapungue. Nilikuwa nimeshayapanga maneno: samahani mzee, pamejaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nakuachia amana."

Amana! Ungefanyaje? Nikapokea.

Jumanne, 12 Agosti

Habari imefika delta nzima. Wanakuja kwa bodaboda, kila mmoja na neno lile lile. Mkulima wa Mtawanya kaleta mbwa: mavuno yamekwisha, nguruwe hawana cha kufuata shambani, mbwa naye apumzike kidogo. Amana. Mbwa mkubwa kama ndama. Nilimpokea nikiwa juu ya meza.

Dokta Rukaiya, mkuu wetu, aliishia mlangoni. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Saadi, hiki ni kituo cha wasio na wenyewe. Hawa wote wana wenyewe!"

Nikasema ndiyo, Dokta.

"Basi wagawe. Nusu ya mji ina panya."

Nikamwambia siwezi, ni amana. Neno hilo likamzuia. Naye ataulizwa Siku ya Kiyama. "Laiti ungeniita kabla hujanyoosha mkono," akasema, akaenda kutia udhu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkaguzi anakuja kesho! Akikuta tumezidisha, kituo kinafungwa. Mimi narudi kijijini kwetu Ngorongo kumweleza mama, na amana za watu zinaishia barabarani.

Kisha wazo likaja. Si zuri, lakini ndilo pekee lililokuja. Bi Zabibu yuko Umwe harusini mpaka Jumapili. Nyumba tupu! Nikakodi bajaji. Dereva akauliza, bro, unahama au unakimbia? Nikamwambia vyote viwili.

Wote wa amana wako chumbani kwangu. Mbwa kachukua kitanda. Sikubishana naye.

Ijumaa, 15 Agosti

Mkaguzi ni mtu mpole. Alizunguka vizimba taratibu, akatabasamu. Pasafi! Pana nafasi! Kumbe kuna kituo kingine kimefurika, na hawajui wapeleke wapi. Akapiga simu palepale: wapakieni wote, waje Kibiti.

Dokta alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile.

Lori linafika jioni. Wa amana hawana tena pa kurudi.

Baada ya sala nilikuja nyumbani mbio kuwalisha dagaa. Ndipo geti likalia. Bi Zabibu! Kagombana na mama wa bwana harusi, karudi na mabegi yake.

"Saadi mwanangu, mbona nyumba inanuka dagaa?"

Nikajibu nina mafua. Sijui kwa nini.

Mbwa akabweka.

Kisha: "Saadi. Hicho ni kikohozi?"

Nikasema ndiyo, kifua.

"Maskini! Usitoke. Nakuchemshia tangawizi, nakuletea humo humo ndani."

Nasikia jiko linawashwa. Huyu mama, mbwa akikatiza tu mbele ya nyumba, anaosha kizingiti.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa bila kuombwa: nyumba ni ya bati la kijani, nyuma ya ghala la korosho. Usipite mlango mkubwa. Zunguka upande wa mpapai, dirisha la mwisho. Gonga kwa kucha tu, mbwa asisikie. Njoo na kikapu, au hata gunia, na dada zako kama unao. Nitakushika mkono kwa mikono yangu miwili. Nitakwambia neno moja tu.