Nywele za Kisogoni

Runzewe, 12 Februari 2024

Dada Juliana,

Shikamoo. Mimi na wanangu hatujambo. Mama anaendeleaje na miguu yake? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikigusia kovu langu tu, unakata.

Nilikwenda Mwanza kwa daktari wa ngozi. Kasema mizizi ya nywele pale juu ya paji ilikufa siku ile ile dawa ya nywele iliponiunguza, hakuna mafuta yatakayoiotesha. Labda upasuaji wa kupandikiza. Njia moja, wanakata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, wanashona, kisha wanaugawa vipande vidogo vya kupanda kwenye kovu. Kisogoni unabaki mstari. Njia nyingine, wanatoa mzizi mmoja mmoja kwa kichombo kama sindano. Vinabaki vidoa tu, ila kazi yake ni ya siku nzima. Na kwenye kovu damu ni chache, kwa hiyo si zote zitashika.

Miaka ishirini na mbili nimefunga kitambaa. Naogopa, dada. Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Mdogo wako,
Scolastika

Ngokolo, 3 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anajikongoja, anafika kwa jirani na kurudi. Nisamehe kwa kukaa na barua yako wiki saba.

Nimekuwa nikiikumbuka nyumba yetu ya zamani. Michembe ya viazi imeanikwa uani, wewe umekaa katikati ya magoti yangu nikikusuka, unanisimulia ndoto zako bila kupumua. Nywele zako zilivunja vitana viwili. Wale wasichana tuliokuwa, nawakumbuka sana.

Siku ile, kesho yake harusi ya kaka Marselino, nilikupaka dawa nikasema naenda bombani mara moja. Hapakuwa na foleni. Nilisimama naongea na yule mvulana, Deusdedit. Ulipolia nilisikia, nikadhani unadeka. Kisha nikamwambia mama umejipaka mwenyewe kwa ukaidi. Mpaka leo anawasimulia wageni hivyo.

Kisogo changu kimejaa nywele. Mwambie daktari achukue kwangu, hata kwa huo ukanda.

Dada yako,
Juliana

Runzewe, 15 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama dukani, wateja wakachoka kuningoja.

Nilimuuliza daktari. Hakucheka. Anasema mwili wangu utazikataa nywele zako, labda ninywe dawa kali maisha yangu yote. Zinazofaa ni zangu tu.

Ya bombani nilijua. Nilikuona kupitia dirisha. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa kidato cha nne, na mama angekutoa shule. Baadaye nikanyamaza kwa hasira. Nimechoka.

Nimechagua njia ya mzizi mmoja mmoja. Ni tarehe 20 Mei. Njoo ukae nami.

Mdogo wako,
Scolastika

Runzewe, 2 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Bado nakumbuka ulivyonishika mkono siku ya upasuaji, ukinisimulia habari za yule fahali wa babu hadi daktari akaniomba nisicheke.

Wiki ya tatu nywele zilizopandwa zilianguka zote. Alituonya kwamba mizizi hubaki, lakini nililia. Baada ya miezi minne zikachomoza. Zimeshika kama nusu. Katikati ya kovu bado ni upara. Anasema naweza kurudia mwakani. Sijui.

Juzi nilifungua duka bila kitambaa. Zipora wa samaki akanitazama, akasema, "Kumbe una paji zuri," kisha akauliza bei ya kitenge. Basi.

Mdogo wako,
Scolastika

Ngokolo, 10 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Jumapili mama alikuwa na wageni wa jumuiya, akaanza kile kisa cha ukaidi wako. Nikamkatiza mbele yao. "Mama, ni mimi niliyempaka. Nikamwacha, nikaenda kuongea na mvulana. Kisha nikakudanganya."

Hakunitukana. Aliweka kikombe chini. "Nilimchapa," akasema. "Ana kidonda kichwani, nami nilimchapa."

Tangu hapo hali chakula vizuri. Leo nimeamka nikamkuta amekaa mlangoni, amevaa viatu, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa Scola. Nikamwombe radhi."

Barua hii nampa kondakta wa basi la kwanza itangulie, usije ukashtuka. Sisi tunakuja na la saa nne.

Dada yako,
Juliana