Kombo Ndiye Aliyepiga

Mama yangu mpendwa,

Wamemkataa Kombo. Nakuanzia hapo kwa sababu najua ungekuwa hai hilo ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla hujataka kujua kama nimekula. Kamati ya mashabiki wa Nyuki iliamua kuchora nyuso za wachezaji wa zamani kwenye ukuta wa ofisi ya timu, pale uwanjani kwetu Mikindani. Majina yaliposomwa, la Kombo halikuwamo. Nimegombana nao, Mama, na sijajuta. Nitakueleza yote, lakini niache kwanza nikukumbushe, maana tangu uondoke sina mtu wa kukumbuka naye kama tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe Jumapili jioni, tukichambua maharagwe.

Ulinipeleka uwanjani kabla sijaanza shule. Ulikuwa umetoka zamu ya kiwanda cha nguo, vipande vya nyuzi bado vimekung'ang'ania kwenye gauni. Baba alikwambia mpira ni wa wanaume, ukamjibu kwamba langoni hujaona kibao kinachosema hivyo. Tulipofika, wanaume waliosimama kando ya kamba wakaanza. "Mama, chakula kinaungua huko!" Nawe hukugeuza hata shingo. "Kikiungua nitakila mimi. Nyinyi tazameni mpira." Wakacheka, kisha wakakusogezea nafasi.

Siku ile ndipo Bi Zuhura, jirani yetu ambaye nyumba yake inatazamana na uwanja, alipotoka na buibui lake akaja kusimama kando yako. Miaka yote alikuwa akitazama mechi kutoka dirishani. Wewe uliyekuja kutoka Ukambani ukiwa bibi harusi, na yeye ambaye wazee wake walizaliwa papa hapa, mkawa kama pacha. Ila Kiswahili chako kilimtesa. Kombo akichukua mpira pembeni, ulikuwa unapiga kelele, "Enda! Enda!" Naye Bi Zuhura anakukata palepale. "Si enda, Mama Mwende. Nenda! Nenda!" Ukaendelea na enda yako hadi kufa kwako, na Kombo alikuwa akienda.

Alikuwa anakwenda kweli. Kijana wa Mtongwe, anavuka feri kuja kutuchezea, njumu zake kwenye mfuko wa plastiki, guu la shoto lisilo na mfano. Unakumbuka ile timu kubwa ya bara iliyokuja na basi lenye mapazia? Ilikuwa masika, uwanja umekuwa tope tupu. Katana, nahodha wetu, tuliyemwita Treni kwa sababu alikimbia moja kwa moja bila kukata kona, alifunga la kwanza. Wakasawazisha. Sisi tukaanza kuvuma, mmm, uwanja mzima, kama tulivyokuwa tukifanya adui akishika mpira, mpaka kipa wao akawa anaangalia nyuma kama anayeogopa kuumwa. Ndipo Kombo alipopiga kona, mpira ukapinda, ukaingia wenyewe bila kuguswa na mtu. Uliruka hadi kiatu kimoja kikazama topeni, hatukukiona tena. Baba alipokuuliza kingine kiko wapi, ukamwambia, "Kimebaki uwanjani, bado kinashangilia."

Bao lile wanalikumbuka wote. Kila mkutano wa mashabiki lazima mtu alisimulie, na kila mwaka ile kona inazidi kupinda. Lakini wanalisimulia kana kwamba lilifungwa na upepo. Hawamtaji aliyelifunga.

Unajua kwa nini. Ile mechi ya mwisho, tulipohitaji sare tu tusishushwe daraja. Tuko nyuma kwa bao moja, dakika zinaisha, refa akatupa penalti. Mimi nilikuwa na barafu ya ukwaju mkononi, tumesimama nyuma ya goli, mimi, wewe na Bi Zuhura, kwa hiyo tuliona kila kitu. Mpigaji wa penalti alikuwa Katana. Kila mtu alimtazama yeye. Katana akainama kufunga kamba za viatu, na kamba zilikuwa zimefungwa, Mama. Uliniambia mwenyewe baadaye, na mimi nilikuwa nimeona. Mchezaji mwingine akaanza kurudi katikati ya uwanja taratibu kama aliyesahau kitu. Kocha anapaza sauti, hakuna anayesikia. Ndipo Kombo, ambaye alikuwa anachechemea tangu kipindi cha kwanza, akaenda akauokota mpira.

Akapiga, ukagonga mwamba. Firimbi ikalia. Tukashuka daraja, na hadi leo hatujapanda.

Watu waliruka kamba wakimfuata. Sikuwahi kukuona ukikimbia, lakini siku ile ulikimbia. Ulivua leso ukamfunika kichwa na mabega, ukamshika mkono mmoja, Bi Zuhura akashika wa pili, mkapita naye katikati ya watu wale. Chupa ikakupiga begani. Hukusimama. Nilikuwa nyuma yenu nalia, nikisikia unarudiarudia, "Pisha njia. Pisha njia." Mkamfikisha barabara kuu, ukamsemesha kidogo, akapanda gari. Hakukanyaga tena Mikindani.

Sasa turudi kwenye mkutano wa kamati. Katana ndiye mwenyekiti. Ana duka la vifaa vya ujenzi, amenenepa, na rangi za kuchorea ukuta ndiye aliyezitoa. Uso wake umepangiwa katikati, mkubwa kuliko wote. Sikatai. Mabao yake nayapenda hadi leo, na sikuomba afutwe. Niliinua mkono nikauliza, "Na Kombo?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Yule aliyetushusha?" Mwingine akasema ukuta ni wa mashujaa.

Nikauliza tena, "Ile penalti ilikuwa ya nani kupiga?"

Katana akanitazama, akatabasamu kama anayezungumza na mtoto. "Mwende, wewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa unalamba barafu."

"Nilikuwa nalamba barafu, Mzee Katana," nikamwambia. "Macho hayakuwa kwenye barafu."

Hapo Bi Zuhura akasimama. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, lakini sauti ni ileile. "Mimi nalikuwako, na mato yangu haya yaliona. Wallahi hakuna hapa atakayenambia vingine." Katana akaangalia chini, akasema tupige kura. Tukapiga, tukashindwa vibaya. Walioinua mikono upande wetu walikuwa wachache, na baadhi yao waliishusha walipoona wengine hawajainua.

Tulipotoka nje nilikuwa nimeshiba hasira. Bi Zuhura akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, nyumba yangu yaelekea wapi?"

"Uwanjani."

"Na ule ukuta ni wa nani?"

"Wako, Bi Zuhura."

"Basi sina wa kumuomba rukhsa. Nenda kamtafute huyo Kombo."

Nikaomba siku ya mapumziko kazini, kule bohari ya makontena Changamwe ninakoendesha foklifti, nikavuka kwenda Likoni. Nilimpata Mtongwe akichomelea mageti mbele ya nyumba yake, mvi zimemjaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami Kombo." Akaitikia marahaba kwa upole. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mtoto wa Mama Mwende wa Mikindani. Akavua miwani ya kuchomelea, akakaa chini kwenye kigogo.

"Mama yako yu hali gani?"

Nikamwambia uliondoka mwaka juzi. Akakuombea. Kisha nikamweleza la ukuta. Akatikisa kichwa.

"La. Mimi nimeishi vizuri bila Mikindani. Nina wake zangu, nina watoto, nina kazi. Kwa nini niende kutukanwa ukutani?"

Nikamuuliza tu kitu nilichotaka kukijua tangu utotoni, kwamba siku ile barabarani ulimwambia nini.

Akatazama mikono yake. "Watu walikuwa wakinambia pole, na wengine wakinitusi. Mama yako hakunambia pole. Alinambia, 'Kombo, wewe ndiye uliyepiga.' Basi. Akanipandisha gari." Akaipangusa miwani yake. "Nalidhani ananilaumu. Nalifika feri ndipo nikaelewa. Na nikaweza kulala usiku ule."

Nikalia, Mama, palepale mbele ya mageti yake. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Haya. Nichoreni. Lakini msinichore na lile bao la kona. Nichoreni nikipiga penalti."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ileile?"

"Ileile. Wasione haya kuitazama. Mimi nimeitazama miaka yote."

Tulimtafuta Tsuma, anayechora mabango ya maduka, akamchora kama alivyotaka. Yuko na jezi yetu ya manjano na nyeusi, mguu wa kushoto uko nyuma, mpira bado uko chini, mbele yake hakuna mtu. Ni mkubwa, unamwona tangu barabarani. Bi Zuhura alikaa kitini kivulini akimsimamia Tsuma, akimwambia pua si ile, mguu mnene mno, mpaka akaridhika.

Asubuhi ya pili tukakuta amemwagiwa chokaa usoni. Hatukuuliza ni nani. Tsuma alirudi, tukamsafisha, akamchora tena. Kamati ikatuma mtu kumwambia Bi Zuhura kwamba tunaitia timu aibu, wageni wakija wanaona picha ya mkosi. Bi Zuhura akamkaribisha kahawa, akamwacha anywe, kisha akamwambia, "Rudi ukawambie, atakayekuja na chokaa aje mchana, nimwone." Wakaja tena gizani. Chokaa mpaka magotini. Tsuma akasema rangi yake ya maji imemwishia na amechoka. Nikamwambia nitajifunza kuchora mwenyewe, nichore vibaya, lakini nitachora kila wiki hadi wao wachoke.

Na nilikuwa nimekusudia. Jumamosi nikanunua brashi, nikaenda alfajiri kabla ya mechi. Nikakuta mtu amepanda ngazi mbele ya ukuta. Nikadhani leo nimemkamata. Nikapiga hatua kubwa nikiwa na ndoo mkononi, tayari kupigana.

Alikuwa Kombo. Amevuka na feri ya kwanza, mabega yamelowa jasho, mkononi ana kopo la rangi anayopakia mageti yake. Alikuwa anajichora njumu. Bi Zuhura amekaa mlangoni na birika, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Watu walianza kufika uwanjani. Wengine walisimama mbali, wengine walikuja kumpa mkono. Katana alipita na gari lake polepole, kioo kikiwa chini. Kombo alimwona. Aliinua brashi kumsalimu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Katana hakusimama. Sitamsemea, Mama, atajisemea mwenyewe siku akitaka. Lakini nilimwona akitazama.

Nikamsogelea Kombo, nikamwambia, "Ami, watakumwagia tena."

Akashuka ngazi, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniwekea kopo lile mkononi.

"Hii ni ya mafuta," akasema. "Chokaa haishiki. Wakimwaga, unapangusa tu."

Pumzika, Mama. Tulifungwa mbili bila siku ile, na tulivuma hadi mwisho.

Akupendaye daima,
binti yako,
Mwende