Nyumba ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo la mnada limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Nyumba ya vyumba vitatu, ya kona, benki inaiuza. Nimeizunguka mara mbili kama mwizi. Nje safi kabisa. Ndani je? Nyumba za mnada hununuliwa hivyo hivyo — unaona bati na ukuta, mengine unabahatisha. Ile ya mwaka jana niliibahatisha, nikapata sakafu iliyodidimia na choo kilichoziba. Mpaka leo haijauzwa. Bei zinashuka kila mwezi, wanunuzi wamekunja mikono wanangoja zishuke zaidi. Kiinua mgongo changu chote kimeishia humu. Baba watoto anasema tukikosea tena, tumekwisha. Najua! Hana haja ya kunikumbusha kila tukikaa kula.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia! Nilivaa sketi yangu ya zamani ya kazini, faili la kahawia kwapani, futi mkononi. Nikapiga hodi, nikasema natoka tathmini. Tathmini ya wapi, sikusema. Naye hakuuliza. Mama mtu mzima, fundi cherehani, pini zimejaa mdomoni. Sebule nzima ni sare za shule, zinaning'inia hadi dirishani, unapita umeinama. Akanitembeza chumba kwa chumba. Hakuficha kitu, masikini. Bomba la jikoni linavuja. Dari ya nyuma iliwahi kuingia maji, ikazibwa. Msingi imara, nyaya mpya, ufa hata mmoja hakuna. Nikaandika yote.

Mlangoni akanishika mkono. Mwanangu, benki wataniongezea muda? Shule zikifunguliwa nitalipwa sare zote hizi.

Nikasema, tutaangalia, mama.

Neno la ofisini tu hilo. Miaka kumi na moja niliwaambia watu hivyo dirishani, wakaenda zao.

Alhamisi, 20 Machi

Yangu! Tulikuwa watu saba, wawili walikuja kufuata kivuli tu. Dalali — sote tunamwita Nyundo — akapayuka kana kwamba kuna umati. Wenzangu waliogopa kupandisha, hawajui ndani kukoje. Mimi najua. Nikapandisha mara mbili, akagonga meza, basi.

Mwenye nyumba hakuja. Nikamuuliza Nyundo mbona hayupo. Akasema wengi hawaji, inawauma. Nimewanunulia watoto soda. Baba watoto leo kacheka hadi akakohoa.

Jumamosi, 29 Machi

Nyundo alipeleka barua ya kuhama, amerudi anakuna kichwa. Mama kampa kiti, kamwambia kwa adabu kwamba kuna makosa, arudi akaulize vizuri. Dada wa benki alishakuja na faili lake la kahawia, akasema wanaliangalia. Visingizio vya watu hawa, anasema Nyundo! Alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nikacheka. Kicheko chenyewe kilitoka kibaya, hata yeye alinitazama.

Jumatano, 2 Aprili



Kapiga simu mwanamume, namba yangu kapewa na Nyundo. Ni kaka yake yule mama, ana lori moja la kubebea mchanga. Sauti ya upole — afadhali angenitukana. Anasema mwezi uliopita alishapata mtu wa kulinunua lori, amlipie dada yake benki kabla ya mnada. Dada akamkataza. Usiuze, kaka, utakula nini, mtu wa benki kaja mwenyewe kasema wataangalia. Akamsikiliza. Mnunuzi wa lori akaenda zake.

Sasa anauliza, kwa kuwa pengine mimi nawajua watu wa benki: huyo dada ni nani? Hataki ugomvi. Anataka kumuuliza tu.

Nikasema simjui.

Naona aibu mpaka mwili unaniwasha. Sikumwibia mtu, nilitaka tu kuiona ile dari! Lakini asingenifungulia mlango, lori lingeuzwa, na nyumba ingekuwa yake mpaka leo.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemweleza baba watoto. Yote. Akazima redio. Akasema nikifungua mdomo mnada utafutwa, nitashtakiwa, na watoto watalala wapi? Halafu akasema, yule mama naye angeniomba kitambulisho. Alisema hivyo huku ananipakulia chakula. Nikala.

Jumatatu, 14 Aprili

Mnunuzi kapatikana — mwalimu na mumewe. Bei si ya kujivunia, lakini inatuvusha. Sharti lao moja: nyumba iwe tupu mwezi huu, la sivyo wanapanga kwingine. Na kwa soko hili nitampata nani mwingine?

Mara tatu nimeishika simu nimpigie yule kaka. Mara tatu nimeiweka. Moyo umegawanyika, na upande unaoshinda ndio ule nisioupenda.

Jumanne, 22 Aprili

Niko ndani ya gari, mbele ya nyumba. Vioo nimepandisha. Sikutaka kuja, lakini lazima aliyenunua mnadani asaini kupokea funguo mlangoni. Nyundo kaja na wapagazi wanne na karatasi ya mahakama. Najifanya ninaandika mambo ya maana.

Lori ni la yule kaka yake mama. Kalileta mwenyewe, kalifagia mchanga, katandika turubai. Hapokei msaada wa wapagazi. Sare zinatoka kwa mafurushi. Kitanda. Meza ya kukatia vitambaa. Majirani wamesimama wanatazama.

Mama katoka na mto wake wa pini. Hajalia. Anaangalia huku na huku — kaliona gari.

Kaniona.

Nilidhani atanirushia jiwe. Anacheka! Anampungia kaka yake kwa mikono miwili, namsikia hata kioo kikiwa juu. Kaka, shusha! Shusha vitu! Ndiye huyu, dada wa benki, kaja!

Wapagazi wamesimama. Nyundo ananitazama mimi, anamtazama yeye, ananitazama tena. Kaka kaweka cherehani chini, polepole, katikati ya njia. Anakuja. Mama kamtangulia, kashafika, anajipangusa viganja kwenye gauni.

Anagonga kioo. Anauliza kama nimekuja na barua ya kumwongezea muda.