Alhamisi Zilizoachwa Wazi

Antsiranana,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Voahirana,

Pokea salamu zangu kutoka huku kaskazini. Hujambo? Na kikohozi cha dada yangu, bibi yako, kimepungua? Najua baridi ya Juni hapo Ambositra inavyopenya mpaka kwenye mifupa. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo bado halijanizuia kufika posta.

Ratiba yako nimeipata. Niliisoma na jirani yangu Zafisoa, aliyefundisha hesabu hadi alipostaafu. Kwa mtu aliyeacha shule kumuuguza mama yake, na sasa anajiandaa peke yake kwa bakaloria, mtihani wa kumaliza sekondari, umeipanga kwa akili. Falsafa asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, hesabu mchana, Jumamosi mitihani ya miaka iliyopita. Ila historia ipunguze. Unaipenda mno, nayo inakula saa za fizikia.

Zafisoa ndiye aliyeziona Alhamisi. Aliweka kidole kwenye safu iliyo tupu, akacheka. "Nyinyi watu wa milimani mmezidi. Mpaka vitabu mmeviwekea mwiko?"

Nilimwambia abaki na utani wake wa pwani. Mimi sikucheka, maana barua yako nilikuwa nimeisoma mpaka mwisho.

Unasema mtihani wa hesabu umeangukia Alhamisi, na bibi yako ameapa kwamba hakuna wa nyumba yake atakayeshika kazi siku hiyo, hata kalamu. Unasema pia kwamba mjomba wako Mamisoa amekupa mwaka huu tu. Usipofaulu, utapelekwa Antananarivo kutumika kwenye nyumba za watu. Aya hiyo nimeirudia kuliko ratiba yenyewe.

Mwiko huo niliusikia kwa baba yangu, bibi yako akiwa bado anabebwa mgongoni, kwenye yale mashamba ya mpunga ambayo tulikuja kunyang'anywa, nami nikaishia huku. Mvua ya mawe ilimuua kaka yake baba akiwa analima siku ya Alhamisi. Baba akasema jembe lisiguse udongo siku hiyo. Hakusema zaidi. Na kwa kuwa Alhamisi hakwenda shambani, ndiyo siku aliyokaa nami mlangoni kunifundisha kusoma. Herufi zote ninazozijua nilizipata siku ya mwiko.

Juzi nilimpigia simu bibi yako nikamweleza hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Kaka, umekaa pwani mpaka umekuwa mgeni. Haya, mfundishe mtoto kuvunja mwiko. Lakini siku yako ikifika, usitegemee tutakuleta kulala kwa baba."

Nilimwuliza kama ni hasira tu. Akakata simu.

Unajua mtu wa umri wangu, aliyezeekea ugenini, anangoja nini. Nangoja kufunguliwa kaburi la ukoo, nilazwe karibu na baba, na siku ya kugeuza mifupa, wafu wanapotolewa kaburini, tuvishwe sanda mpya pamoja. Miaka yote hii nimeishi huku kama mtu aliyekaa na mzigo wake kituoni. Kwa hiyo jibu hili sikulitoa haraka.

Nenda. Kafanye mtihani. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na kama kuna kosa, liwe langu.

Lakini usiende kwa kujificha, na usingoje siku yenyewe. Anza Alhamisi hii. Keti pale mlangoni, ufungue kitabu cha hesabu bibi yako akikuona. Akifoka, mpe barua hii aisome mwenyewe. Akinyamaza, endelea na swali linalofuata. Usimjibu vibaya, hofu yake ni ya kweli, na aliyezika mume na watoto ana haki ya kuogopa.

Nisalimie mama yako, natumaini sasa anatembea bila fimbo. Mwambie Mamisoa nimekumbuka wema wake wa kukupa mwaka huu. Bibi yako mwambie nampenda, na simu yangu iko wazi.

Mungu na waliotutangulia wakuwekee mkono kichwani.

Babu yako akupendaye, popote atakapolazwa,
Randriamihaja