Tiketi ya Jana

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Binti yangu Delgir alivaa riboni nyeupe, akabeba maua ya kumpa mwalimu. Darasa la pili! Tumerudi na maua yetu. Mwalimu mkuu, Nina Lvovna, alisema kwa upole: bila muhuri wa ukaazi wa jiji, mtoto haingii. Nikamwambia paspoti yangu ni ya Urusi, na kwetu Kalmikia ni Urusi hii hii. "Najua, ndugu yangu. Lakini waraka nilio nao ni wa jiji." Mwenye chumba tulichopanga hataki kutuandikisha ili tupate muhuri, anaogopa watu wa kodi. Na mama yangu, aliyekuwa akimlea Delgir kule nyumbani, tumemzika Julai. Mtoto hana pa kurudi.

Alhamisi, 4 Septemba

Zege tangu asubuhi, ghorofa ya saba. Mgongo! Delgir ameshinda kwenye kontena letu la kupumzikia wafanyakazi, anachora. Wakati wa chai polisi wakaingia. Mgeni ana siku tatu za kujiandikisha, kwa hiyo sote tunatembea na tiketi mpya za basi, tuonekane tumefika sasa hivi. Gennadi, mtu wa kabila la Wachuvash ninayechanganya naye zege, huzinunua kwa madereva wa mabasi ya mbali. Yangu ilikuwa ya jana.

"Umefika jana?"

"Jana, afande."

Akaandika kwenye karatasi yake. Nikatia sahihi.

Gennadi alicheka hadi akakohoa. "Miaka miwili, Erdni, na bado unafika jana! Hilo basi linasukumwa?"

Jumanne, 16 Septemba

Nimempata wakili wa bure, Raisa Markovna. Nakala yake ya Katiba imechakaa kwa mistari ya penseli. Anasema nchi nzima ni eneo moja la sheria — Katiba haiishii kwenye barabara inayozunguka jiji. Tumefungua kesi dhidi ya jiji. Anachotaka kwangu ni ushahidi kwamba naishi hapa kweli. Hilo tu! Msimamizi wetu wa ujenzi ameandika barua: nipo kazini hapa miaka miwili.

Nikamweleza Gennadi. Akasema, "Eneo moja? Mwambie huyo mama alibebe aende nalo kituo cha polisi."

Sikucheka. Mimi naamini hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mahakamani. Raisa Markovna alizungumza vizuri, hakimu akawa anatikisa kichwa kukubali. Nikaliona kabisa dawati la Delgir.

Kisha wakili wa jiji akatoa karatasi. Ile ile ya polisi! Sahihi yangu chini. Akasema mlalamikaji aliingia jijini tarehe tatu, na anadai mtoto alikataliwa tarehe mosi. Watu wakacheka.

Hakimu akaniita kwa heshima, jina langu na la baba: "Erdni Sangadzhievich, uliingia lini jijini?"

Nikisema miaka miwili, nilimdanganya polisi, na nimekaa miaka yote hiyo bila muhuri. Nikisema mwezi uliopita, kesi imekufa.

Raisa Markovna ameomba dakika kumi. Hakuijua habari ya tiketi. Hanilaumu, anageuza kurasa tu.

Naandika hapa kwenye benchi la ukumbini. Delgir yuko nami, mkoba wa shule mgongoni — aliuvaa mwenyewe asubuhi. Ananiuliza kwa sauti ya chini: "Baba, wakiniuliza mimi, niseme tulikuja lini?"

Karani anatuita.