Papa Alisema

Mireille mujukuu wangu, jambo! Huku Lubumbashi tuko bazima, na miye kambo yako ningali muzuri kupita vijana bote. Unauliza namna ya kutayarisha mutoto kwa maternelle, ile ekole ya kufundisha batoto badogo. Umeuliza bingwa!

Mama yako, mbele ya kuanza, nilimufundisha kuhesabu mpaka kumi, na kusalimia mwalimu "bonjour citoyenne". Nikamuambia tena: "Sirene ya kampani ikilia, papa anakuja." Siku ya kwanza sirene ikalia saa sita, ya mapumziko, na miye kazi ilimalizika saa nane! Bibi yangu, mama yake, akafika kumuchukua, mutoto akashika mulango wa ekole: "Hapana. Papa alisema." Nilibakuta bote babili kwenye jua.

"Wewe na midomo yako!" bibi akanirukia.

Kesho yake nikamuambia mutoto: "Mama njo atakuchukua." Akaingia bila hata kuniangalia.

Wa kwako, umuambie tu nani atakuja. Kuhesabu, batamufundisha kule.

Kambo yako anayekupenda