Maziwa ya Jana

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Hombolo hatujambo. Zabibu zimeanza kuiva na babu yako anashinda shambani akifukuza ndege.

Unaniuliza uchunguze vijidudu gani huko chuoni. Nilipoolewa, mama alinipa kibuyu chenye mtindi kidogo chini. Nilipofika ukweni, wifi akataka kukisugua kwa maji ya moto. Nikakikumbatia, nikakataa. Nikamimina humo maziwa ya ng'ombe wao, na asubuhi yakawa yameganda, ladha ni ya nyumbani kwetu. Tangu hapo kila siku nabakiza kidogo cha kugandishia mapya.

Nimekutumia chupa ndogo ya mtindi huo. Ukiwaona kwenye hadubini, wasalimie. Hao wanamjua mama.

Bibi yako